Red Dead Redemption 2 au Ghost of Tsushima? Nina hela ya CD moja tu

Mtoto wa Chumbageni: Wakuu, habari za usiku. Mwezi uliopita nimenunua PS4 ya mtumba (mashine ya gemu), ile ya GB 500, baada ya miaka mingi bila kushika pedi ya gemu. Duka la mtaani kwetu lina Red Dead Redemption 2 na Ghost of Tsushima, zote zimetumika, bei moja. Mtoto akishalala saa tatu nabaki na kama saa moja na nusu yangu. Ninachoogopa ni kununua gemu nzuri halafu niiache katikati, maana nikikaa siku nne bila kucheza huwa nasahau hadithi ilifika wapi. Kiingereza changu ni cha kusoma kuliko kusikiliza. Mliomaliza zote mbili, nianze na ipi? Natanguliza shukrani.

Mshale: Mkuu, kwa muda huo chukua Ghost, ile ya samurai. Ndani ya dakika ishirini umekomboa kijiji, umefuata mbweha hadi kwenye hekalu lake, umesevu, umelala. Skrini haina ramani ndogo pembeni. Unapandisha kidole kwenye tachipadi, ile sehemu ya kugusa katikati ya pedi, upepo unavuma kuelekea unakokwenda, majani na nyasi vinainama kukuonyesha njia. Na mapigano ya upanga ndiyo yaliyonikamata. Kuna mikao minne: wa Jiwe kwa wenye panga, wa Maji kwa wenye ngao, wa Upepo kwa wenye mikuki, wa Mwezi kwa yale majitu. Mwanzoni unababaika, baadaye unabadilisha katikati ya kundi bila kufikiri. Hadithi kuu ni kama saa 25. Red Dead ni karibu mara mbili yake, na saa mbili za mwanzo uko kwenye theluji unaburuzwa kutoka misheni hadi misheni. Wengi wameiachia hapo.

Baba Farasi: Naheshimu maoni ya Mshale, lakini hiyo theluji ni ya Jumamosi moja tu. Ukishuka mlimani ndipo gemu inaanza. Mwaka ni 1899, genge la majambazi la Dutch limetoroka mji wa Blackwater baada ya wizi kuharibika, na wewe Arthur ndiye unayebeba mizigo ya wenzako. Jioni kambini watu wanaimba, wanagombana, wanakumbushana marehemu, na hakuna anayekulazimisha kusikiliza. Mimi nilikuwa naingia dakika arobaini: navua samaki, nasafisha bunduki isije ikapoteza nguvu, namsugua farasi, nazima. Ilinichukua miezi minne na sijutii hata usiku mmoja.

Kuhusu kusahau, Arthur ana daftari. Anaandika mwenyewe yaliyotokea na kuchora wanyama na mahali alipopita. Ukirudi baada ya siku nne, lifungue usome kurasa mbili za mwisho.

Mama Wawili: Kabla hamjampeleka mbali, aangalie nafasi kwanza. Red Dead ya PS4 ina CD mbili, moja ya kusakinisha na nyingine ya kuchezea. Duka likikupa moja usilipe. Inataka zaidi ya GB 100, na ukiunganisha intaneti kuna apdeti juu yake, kwa hiyo uwe na bando la kutosha. Ghost inachukua karibu nusu ya hapo. Zote ni za miaka 18, damu nyingi, uko sahihi kusubiri mtoto alale.

Mtoto wa Chumbageni: Nafasi ipo, GB 300 na kitu. Hilo la daftari sikulijua, nashukuru sana. Ila kwenye video naona wanaongea wakiwa juu ya farasi. Nitasomaje maandishi ya chini huku naendesha?

Baba Farasi: Weka alama kwenye ramani, shikilia tachipadi hadi kamera iwe ya sinema, kisha shikilia X. Farasi anafuata barabara mwenyewe, wewe unasoma.

Mshale: Ghost nayo watu huongea njiani, na ukiweka sauti za Kijapani utategemea maandishi muda wote. Hapo nakubali Red Dead imeizidi. Lakini mkuu, usiisahau Tsushima. Kisiwa hicho kipo kweli, kati ya Korea na Kyushu, na Wamongolia walishuka pale mwaka 1274. Khan, kiongozi wao wa kwenye gemu, ni wa kubuni, ila wapanda farasi wapatao themanini walioshuka ufukweni Komoda kufa na bwana wao wamo kwenye historia. Mwaka 2020 kimbunga kiliangusha lango la hekalu moja kisiwani, na ulipoitishwa mchango wa kulijenga upya, wacheza gemu hii walikuwa miongoni mwa waliochanga. Mimi jambo hilo liligusa moyo wangu.

Mtoto wa Chumbageni: Wakuu, narudisha mrejesho. Nimechukua Red Dead, CD zote mbili nimezihakiki palepale dukani. Jumamosi nilimaliza theluji, sasa tuko kambini juu ya bonde, karibu na mji wa Valentine. Jana sikufanya misheni hata moja: nimewinda swala nikapeleka nyama kambini, nikakaa motoni nikawasoma wanavyozungumza. Daftari nalisoma kila nikiwasha. Mshale, Ghost ndiyo itakayofuata, nimemwomba mwenye duka aniwekee hadi mwisho wa mwezi.

Swali dogo. Leo nimeteremka mlima kwa kasi farasi akaanguka, hakuamka tena. Ndiyo basi?

Baba Farasi: Ndiyo basi, mkuu, pole. Wa kwangu alikwenda hivyohivyo. Kuna dawa ya kumwinua akiwa bado anapumua, inauzwa zizini hapo Valentine. Nunua mbili kabla hujampa jina mwingine.