Kina mama mnaonyonyesha na kwenda kazini, mnajipangaje?

MamaHawa_Mbagala: Habari zenu wapendwa. Nauza vitambaa kwenye duka la mtu Kariakoo. Siku zangu 84 za likizo zimeisha. Tangu mimba niliweka nia mtoto anyonye tu hadi miezi sita, hata uji asionje. Na kazi naipenda, sitaki kuomba hela ya kila kitu nyumbani. Ila ikifika saa tano maziwa yanajaa mpaka blauzi inalowa, naenda kukamulia chooni na kumwaga. Inaniuma mno. Nifanyeje?

BibiWaTemeke: Pole mwanangu. Kumwaga, hapana! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inakuruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mwambie bosi kwa upole, halafu mwandikie.

DadaFundi: Mimi nilikamulia stoo, khanga nimeitundika mlangoni. Kikombe kichemshwe, mikono sabuni. Joto la Dar usiliamini kabisa, chupa iweke kwenye barafu mpaka nyumbani, kisha friji. Na mwenzangu, ule ushibe na maji unywe. Wengi tunajisahau hapo.

MamaHawa_Mbagala: Ahsante bibi, shikamoo. Hiyo sheria ndiyo naisikia leo. Kwa foleni ya Mbagala siwezi kwenda na kurudi mchana, kwa hiyo nitaomba saa zote mbili ziwe za jioni, nitoke saa tisa. Stoo tunayo, dada, khanga nabeba kesho.