Ajira ya wauguzi na madaktari: ibaki kwa kaunti au irudi kwa serikali ya kitaifa, Nairobi?

Mleta mada (muuguzi, Pwani)
Wadau, hamjambo. Suala hili huzuka kila mgomo ukipamba moto, wagonjwa wakirudi wodini tunalisahau. Tuliseme sasa kabla notisi nyingine haijatolewa.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliwapa magavana hospitali za kaunti na zahanati, na tangu 2013 mwajiri wangu ni kaunti. Nimeshika zahanati peke yangu: asubuhi kliniki ya wajawazito, mchana chanjo, usiku nagongewa mlango, mama ana uchungu. Hilo nalivumilia. Kinachonichosha ni mshahara wa mwezi huu kuingia katikati ya mwezi ujao, gavana akilaumu Hazina kwa kuchelewesha mgao. Halafu jaribu kuhamia kaunti nyingine umfuate mumeo! Mwenzangu mmoja aliishia kujiuzulu na kuomba kazi upya kama aliyetoka chuo jana. Walimu wana TSC, tume ya kitaifa ya kuwaajiri; mwalimu wa Lamu na wa Kisumu wana mwajiri mmoja. Nasi tupewe tume yetu.

Mchangiaji, Wajir
Pole dada. Lakini kabla ya 2013 ulikuwa wapi? Daktari akipangiwa huku alijiona ameadhibiwa. Anaripoti, anakunywa chai, anaanza kutafuta barua ya uhamisho. Kwenye daftari la Nairobi nafasi imejaa, wodini hakuna mtu. Leo bodi ya kaunti inaweza kumwajiri kijana wa hapa hapa, na huyo jua hili halimkimbizi. Na hiyo TSC mnayoisifu ndiyo iliyowahamisha walimu mbali na familia zao kuanzia 2018. Waulizeni.

Daktari, Nakuru
Mimi nina swali moja tu: madaktari wanagenzi, wale wa mafunzo kazini baada ya chuo, huajiriwa na nani? Si gavana. Ni serikali ya kitaifa. Mkataba wa 2017, tulioupata kwa mgomo wa siku 100, uliwapa shilingi 206,000 kwa mwezi. Ilipofika 2024 serikali hiyo hiyo ikasema uwezo wake ni 70,000, tukagoma siku 56. Na wale wahudumu wa UHC, mpango wa afya kwa wote, walioajiriwa 2020 kwa kandarasi? Nairobi ndiyo iliyowaajiri, na miaka mitano baadaye walikuwa bado wanaandamana hadi Afya House, makao ya Wizara ya Afya. Tume bila pesa ni jengo jipya lenye magari mapya.

Mleta mada
Daktari, hapo umenibana, na la wanagenzi sina jibu. Basi nipunguze dai langu. Kuajiri kubaki kwa kaunti, ndugu yangu wa Wajir asinikasirikie. Tume ishike vyeo, uhamisho na viwango vya mshahara, na pesa za mishahara ya afya zitengwe zisiweze kuguswa hata gavana akiwa na barabara ya kuzindua. Msiniambie tayari tuna baraza la wafanyakazi wa afya chini ya Sheria ya Afya ya 2017. Lile ni la kushauri. Gavana akiupuuza ushauri, nani atamfanya nini?

Mchangiaji, Wajir
Pesa za kutengwa, sawa, tuko pamoja. Uhamisho bado naukataa. Mkiufungua mlango huo, mwaka wa kwanza tu nusu ya wauguzi wetu watakuwa Nairobi.

Mhudumu wa afya ya jamii, Kakamega
Mabosi, mnapigania mishahara, sisi je? Mwaka 2023 tulikabidhiwa mikoba, tukaambiwa tuko 100,000 nchi nzima na sisi ndio msingi wa afya. Posho ni 5,000: nusu ya Nairobi, nusu ya kaunti. Kwa hiyo nina mabosi wawili mnaogombania, na nusu moja ikiingia, ya pili naisubiri. Juzi nimempima mzee presha, nikampa rufaa ya zahanati, akafika akakuta imefungwa kwa sababu muuguzi ni mmoja na alikuwa kwenye semina. Hiyo tume yenu itatuhesabu, ama sisi bado ni wa kujitolea?