Msaada wa mdahalo: nitumie mfano wa Uswisi au niuache?

mwalimu_wa_zamu:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Uraia kidato cha tatu. Ijumaa tuna mdahalo: "Demokrasia ya moja kwa moja ni bora kuliko ya uwakilishi." Watetezi niliwapa mfano wa Uswisi: zikipatikana saini 50,000 ndani ya siku 100, sheria iliyopitishwa na Bunge inarudi kwa wananchi waipigie kura. Nikausifu sana. Jana binti mmoja akauliza, "Mwalimu, kama wananchi wote ndio huamua, mbona wanawake wao walianza kupiga kura za kitaifa 1971?" Nilikosa jibu, na swali lake bado linanikaa kichwani. Niuache mfano huu, au kuna namna ya kuutumia bila kuwapotosha watoto?

BintiNgambo:
Usiuache! Walichelewa kwa sababu ya utaratibu huohuo unaousifu. Kubadili Katiba kulihitaji kura ya maoni, na wapiga kura ni wanaume watupu. Februari 1959 wakakataa, asilimia 67 hivi. Februari 1971 ndipo wakakubali, asilimia 66. Wenye haki waliulizwa kama wasio nayo wapewe. Kwetu Unguja nako uchaguzi wa 1957 ulikuwa wa wanaume tu, wanawake wakaingia 1961.

wakili_mtaani:
Ongeza Appenzell Innerrhoden, jimbo mojawapo la Uswisi. Kule hukusanyika uwanjani mara moja kwa mwaka na kupiga kura kwa kunyoosha mikono, na mwanamume akibeba upanga wa ukoo unatosha kuwa kitambulisho chake. Aprili 1990 wanaume wakakataa tena kuwapa wanawake haki ya kupiga kura za jimbo. Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Shirikisho ikaamuru waruhusiwe. Watoto wajadili hilo: haki iliyoletwa na majaji dhidi ya kura ya wengi.

Mzee wa Tabora:
Mwalimu, angalia wasije wakaondoka wakidhani uwakilishi ndio uliokuwa safi. Uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959 ulikuwa wa uwakilishi, lakini mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Halafu kulikuwa na kura tatu: lazima uchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU walibishana vikali hapa Tabora Januari 1958, mpaka Nyerere akawashawishi washiriki hivyo hivyo.

Bibi yangu alikuwa mkulima, shule hakuiona. Mikutano alihudhuria, ada alitoa, kura hakupiga. Alipiga mara ya kwanza 1962, kwenye uchaguzi wa Rais.

Otis_Nrb:
Kenya 1957 Mwafrika aliyetimiza masharti aliweza kuwa na kura hadi tatu peke yake, kutegemea elimu, mali na kadhalika. Jirani yake asiye na sifa hana hata moja.

mwalimu_wa_zamu:
Asanteni sana. Mada itabaki, ila kila upande utaanza kwa kutaja nani alizuiwa kupiga kura katika mfano wake. Yule binti ndiye atakayefungua. Mzee, shikamoo. Naomba ruhusa niwasimulie habari za bibi, bila jina.

Mzee wa Tabora:
Marahaba. Simulia. Na uwaambie kadi yake ya TANU aliitunza kwenye kibweta mpaka anafariki.