Wauza glavu za oveni mtandaoni: hiyo "500°C" mnayotuandikia mmeipima wapi?

Wakuu, habari za saa hizi.

Naandika vidole vikiwa na bandeji, makosa ya uandishi mtanivumilia. Na kama kuna muuzaji wa vyombo humu anayeona uzi huu unamhusu, basi unamhusu.

Mimi naoka keki na skonzi za oda nyumbani, Mbagala. Nikaona tangazo la glavu za oveni kwenye ukurasa mmoja wenye wafuasi kibao. Silitaji jina, Mods wasije wakanifutia uzi. Limeandikwa: "Pamba asilia, zinastahimili moto hadi 500°C, original kutoka Ulaya." Bei 35,000/=, bodaboda juu yako. Nikalipa. Kwa macho ni nzuri kweli, zina maua ya alizeti, kitanzi cha kutundikia, na ndani kitambaa cheupe laini.

Nimetoa trei ya keki oveni ikiwa digrii 180. Jamani, 180! Moto wa keki wa kila siku, hata robo tatu ya njia ya kwenda 250 hatujafika. Kutoka mlango wa oveni mpaka mezani ni hatua chache, na sikuzimaliza. Joto limepenya kwenye ncha za vidole kana kwamba sijavaa kitu. Ningeachia trei ingemwangukia mwanangu aliyekuwa nyuma yangu, kwa hiyo nikabana meno mpaka mezani. Malengelenge matokeo yake ndiyo haya.

Nikamwandikia muuzaji, na picha nikamtumia. Jibu lake nalinukuu kama lilivyo: "Pole mpenzi, hizo ni za kushika haraka haraka, ukishikilia lazima uungue." Nikamuuliza, sasa hiyo 500 ni ya nini? Akala buyu mpaka leo. Tiki za bluu nazionea tu.

Kushika haraka haraka! Mtu anavaa glavu ili ashikilie. Cha moto ukikigusa na kuachia kufumba na kufumbua hata kwa mkono mtupu unaweza kupona.

Na hapa ndipo ulipo utapeli wenyewe. Kiwango cha joto bila muda ni namba ya kupambia tangazo. Mdogo wangu yuko kitengo cha usalama kazini kiwandani, alivyoona vidole vyangu akaniletea glavu zao nizione. Kwenye mgongo wa glavu kumechapwa kimchoro cha moto, juu yake EN 407, chini tarakimu sita. Hicho ni kiwango cha Ulaya cha glavu za joto. Tarakimu ya kwanza ni namna glavu inavyoshika moto, na ya pili, ambayo ndiyo ya mpishi, ni joto la kugusa kitu moja kwa moja. Ukikuta 1 maana yake digrii 100, ukikuta 2 ni 250, 3 ni 350, na 4 ndiyo hiyo 500 wanayotuimbia. Lakini kote huko kuna sharti la muda. Glavu inawekwa kwenye chuma cha joto hilo, na joto la upande wa ndani halitakiwi kupanda zaidi ya digrii 10 kabla ya sekunde 15 kwisha. Palipoandikwa X hapakupimwa.

Kwa hiyo wewe unayeoka nyumbani huhitaji 500 wala 350. Oveni zetu nyingi mwisho wake ni 250. Glavu yenye 2 kwenye nafasi ya pili inakutosha, utavuta trei, utageuka, utaweka mezani, na sekunde zinabaki.

Halafu hiyo "original kutoka Ulaya". Kule tangu 21 Aprili 2018 sheria yao namba 2016/425 inahesabu glavu za oveni, hata hizi za nyumbani, kuwa kifaa cha kujikinga. Lazima zipimwe, ziwe na alama ya CE (ya kuonyesha zimekidhi sheria zao) na karatasi ya maelezo. Zangu hazina kimchoro, hazina CE, hazina hata kilebo cha kusema zimeshonwa wapi. Ulaya ipi hiyo, ya Kariakoo?

Hasira zikanituma niikate moja. Kiganjani kuna pamba ya kujazia kiasi, ila ukifika kwenye ncha za vidole na ubavuni mwa gumba, pale pale trei inapokaa, hamna kitu: vitambaa viwili na mshono. Na hiyo ya kujazia yenyewe ni ile ya plastiki ya kwenye mito, ukiibana inalala bapa. Kinachozuia joto ndani ya glavu ni hewa iliyonaswa katikati, ukishaibana hewa ikatoka hujabakiwa na kinga. Nikachomoa uzi wa kile kitambaa cha alizeti nikauwashia kiberiti juu ya sinki. Pamba ya kweli ingewaka na kunuka kama karatasi, ikaacha jivu linalosagika. Wangu ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu kama shanga. Poliesta hiyo. Ikigusa koili ya oveni au ulimi wa moto wa gesi inayeyuka na kugandia kwenye ngozi, na hapo ndipo hospitali wanaanza kuibandua.

Najua mtakuja na "ungenunua za silikoni". Silikoni nzuri haiyeyuki ovyo, nyingi zinaenda mpaka kama digrii 230, na mvuke na mafuta ya moto hayapiti. Lakini zile nyembamba zisizo na bitana ndani zinapitisha joto vizuri tu, mkono unatoka jasho unateleza, na ukimwagikiwa na supu ya moto ikaingia kwa juu, umejifungia mkono ndani ya uji. Kama unanunua, tafuta yenye bitana ya pamba na yenye kupanda mpaka karibu na kiwiko, maana wengi tunaungua hapa juu ya kifundo kwa kugusa ukingo wa juu wa oveni. Zile fupi za vidole viwili vitatu ni za kufunulia mfuniko wa sufuria, basi.

Zenye rangi ya fedha kama kitambaa cha meza ya kupigia pasi, usidanganyike. Ule mng'ao unarudisha joto linalokuja kwa mbali. Ukishashika bati lenyewe haukusaidii chochote.

Za kufumwa kwa nyuzi za aramidi, zile za njano wanazovaa watu wa viwandani, joto kavu zinalimudu na haziyeyuki. Tatizo zina matundu, mvuke na mafuta vinapenya. Za ngozi za wachomeleaji nazo, mtu wa kuchoma nyama na kupalia makaa juu ya sinia la mkate zitamfaa, ila ngumu mno kushikia trei ya keki ndogo, na sizitaki karibu na chakula.

Wa "bibi zetu walitumia kanga" nao nawasikia. Bibi alikunja pamba tupu mara kadhaa, ikiwa kavu. Kanga nyingine za leo ni poliesta, na ncha yake ikining'inia kwenye jiko la gesi umekwisha. Na kitambaa chochote, cha bibi au cha duka la bei mbaya, kikiwa na maji usishikie cha moto. Maji yanapitisha joto mara zaidi ya ishirini kuliko hewa, na yakichemka mle ndani unaungua na mvuke. Glavu iliyolowa, iliyoloa mafuta au iliyotoboka, kaa nayo mbali.

Na kabla hamjaniandikia dawa ya meno, asali na ute wa yai: ukiungua ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida sio barafu, dakika 20. Vua pete mapema kabla kidole hakijavimba. Malengelenge usiyatumbue.

Sasa naombeni mambo mawili. Mwenye kujua duka hapa Dar, la kuingia kwa miguu na kushika bidhaa kwa mkono, lenye glavu za oveni zenye hicho kimchoro na tarakimu zake, aliweke hapa na bei. Pili, kama kuna aliyewahi kupeleka malalamiko ya bidhaa ndogo kama hii FCC (Tume ya Ushindani) au TBS (Shirika la Viwango), anieleze alianzia dirisha gani na walimtaka alete nini. Risiti ya muamala ninayo, picha za tangazo ninazo, glavu moja nzima na moja iliyokatwa ninazo.

Na wewe muuzaji, tangazo lako mpaka asubuhi hii bado liko hewani na 500 yake. Lishushe. Hela yangu irudi kwenye namba ile ile iliyokutumia, na nauli ya bodaboda ndani yake.