Harrier ya Japani: adapta ya CarPlay au redio mpya?

Mkazi wa Nkuhungu: Wakuu, Harrier yangu bado ina redio ya Kijapani, FM inaishia 90. Napita sana Mtera kwenda Iringa, nataka ramani ya iPhone ionekane kwenye skrini bila waya. Adapta ndogo za CarPlay (mfumo wa Apple wa kuonyesha iPhone kwenye skrini ya gari) zitanifaa?

Fundi Area C: Usinunue, ndugu yangu. Adapta hiyo ni ya gari ambalo tayari lina CarPlay ya waya. Kazi yake ni kuondoa waya tu. Badili redio yote, chukua yenye CarPlay bila waya. Fundi atumie soketi zinazoingiliana na za gari, asikate nyaya hata moja! Kamera ya nyuma ijaribiwe kabla hujalipa. FM nayo itafika 108.

Mama wa Kisasa: Bila waya simu hula chaji na kupata moto, Wi-Fi inafanya kazi muda wote. Na jua letu hili la Dodoma! Usiiache kwenye dashibodi. Pakua ramani kabla ya kutoka mjini.

Mkazi wa Nkuhungu: Asanteni sana. Mke wangu anatumia Android, je?

Fundi Area C: Tafuta redio yenye Android Auto pia, ni kama CarPlay ila ya simu za Android. Kutumia bila waya, simu yake iwe Android 11 kwenda juu.