Frilansa uliyemtuma mwenyewe alipwe hata stori isipotoka? Tujadiliane

Wakuu, habari za jioni. Kuna mhariri humu ameandika kwamba mwandishi wa kujitegemea (frilansa) alipwe pale stori yake inapochapwa tu, isipochapwa ndo basi, kwa sababu maana ya kujitegemea ni hiyo. Mimi napinga, na napinga nikiwa upande wa anayelipa, kwa sababu kazi yangu ni kutafuta waandishi wa mikoani na kuwapa kazi.

Kama mtu kajiletea stori bila kutumwa, sawa, ikatae. Ila ukishampigia ukamwambia nenda Liwale kaangalie kwanini pesa za mnada wa korosho hazijawafikia wakulima, hapo umeshanunua kazi. Toka Lindi mjini kupitia Nachingwea mpaka Liwale, mvua zikianza njia haitamaniki, alale gesti, achukue boda mpaka kijijini kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, amsubiri katibu ambaye kila saa anaambiwa yuko njiani, apige picha stakabadhi za wakulima, arudi mjini kutafuta mtandao unaobeba picha. Jioni linaingia tangazo la nusu ukurasa, stori inakatwa inabaki aya tatu, analipwa bei ya habari fupi. Boda hakuchukua nauli ya aya tatu!

Na hapa ndipo bahasha, ile pesa mwandishi anayopewa na anayemwandika, inapozaliwa jamani. Ofisi haijatoa nauli, halmashauri ina gari inaenda hukohuko na posho juu, atapanda gari ya nani? Akirudi ameandika mkurugenzi alivyozindua zahanati, wakulima hawamo, na sisi tunamlaumu yeye kwamba hana maadili.

Halafu kuna usalama. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea, akiandikia Mwananchi na The Citizen, anaripoti mauaji ya Kibiti na Rufiji. Alichukuliwa na watu wasiojulikana tarehe 21 Novemba 2017 na mpaka leo hajarudi kwa familia yake. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inazungumzia bima na hifadhi ya jamii kwa walioajiriwa na chombo, sasa huyu wa kulipwa kwa stori anaingia wapi? Mwaka 2015, baada ya James Foley na Steven Sotloff kuuawa Syria, wote frilansa, vyombo vikubwa vya dunia vilikubaliana misingi kwamba frilansa ajaliwe usalama wake sawa na mwajiriwa, aambiwe malipo na gharama kabla hajaondoka, na ikiwezekana gharama atangulizwe. Hilo halihitaji utajiri, linahitaji mhariri akae dakika ishirini na simu yake kabla ya kumtuma mtu.

---

Jibu, mhariri wa Dar:

Mkuu unaongea vizuri ila hujakaa dawatini saa mbili usiku. Mimi nimetuma watu na nauli nimetoa, kilichokuja ni taarifa kwa vyombo vya habari imebadilishwa aya ya kwanza, chanzo kimoja, mkuu wa wilaya hajapigiwa hata simu, na stori hiyohiyo nakutana nayo kwenye blogu tatu kabla sijaihariri. Hiyo nayo nilipe? Makanjanja, waandishi wa kubabaisha, ni wengi, matangazo yamepungua, bajeti ya mikoani ndo inakatwa ya kwanza. Nikiahidi kulipa stori zote ninazotuma, mwisho wa mwezi nitawalipa wote nusunusu, na yule mzuri ndo ataumia.

---

Jibu, ripota wa Kigoma:

Kaka zangu, mimi bei ndogo nimeshaizoea, ukimya ndo unaniua. Natuma saa kumi jioni, naona tiki za bluu, kimya, siku ya tatu stori imetoka jina langu halipo. Au haijatoka na siruhusiwi kuiuza kwingine kwa sababu hakuna aliyeniambia imekataliwa. Niambieni kabla sijapanda boti: maneno mangapi, picha ngapi, engo ipi, nauli ya nani, pesa inaingia lini. Na mkinikata ile asilimia 5 ya kodi ya zuio nipeni karatasi yake, maana TRA nikienda naulizwa.

---

Mtoa mada:

Dada umesema yote, na hilo la kuachiwa stori uiuze kwingine nalichukua, siku mbili bila jibu iwe yako.

Mhariri, kanjanja nakubali yupo, ila huyo unamkamata kabla ya kumtuma. Mimi mtu mpya namwambia anitumie stori yake kama alivyoiandika kabla dawati halijaigusa, kwa sababu ile ya gazetini imeshasafishwa na mwingine. Naangalia ithibati, yaani kibali chake cha uandishi, nachukua namba ya chanzo mmoja aliyemtaja nampigia, nauliza tu kama kweli walikaa wakaongea. Ukifanya hivyo wengi wanaishia hapo. Ikija mbovu hata hivyo, irudishe na maswali mara moja. Akishindwa, mpe gharama zake tu na usimwite tena. Ila ikiwa nzuri na wewe ndo umekosa ukurasa, nusu ya bei mlipe, ile nusu ndo itakufanya ufikirie kabla ya kutuma watu watano kwa nafasi mbili.

Na hiyo bajeti unayosema inakatwa, mbona ya mkutano wa waandishi hotelini Dar haikatwi, wakati ile stori ya Liwale hakuna mwingine aliyekuwa nayo? Nijibu hilo kwanza, halafu uniambie yule aliyekuletea chanzo kimoja, siku unamtuma ulimwambia unataka vyanzo vingapi?