MREJESHO: Trekta la mvuke la Mamod sasa linatembea

Wakuu, niliomba msaada kuhusu trekta langu dogo la mvuke la kuchezea, Mamod TE1a la zamani (Mamod ni kampuni ya Uingereza ya vichezeo vya mvuke), lililokuwa likivuja mvuke na kugoma kuzunguka. Asanteni sana.

Aliyesema nianze na uso wa silinda alilenga penyewe. Silinda yake huyumba, na mvuke hupita pale inapogusana na bamba lenye matundu. Mikwaruzo ikiwepo, nguvu yote inapotelea hapo. Nililaza msasa laini wa maji juu ya kioo, nikasugua taratibu mpaka nyuso zote mbili zikakaa sawa. Tofauti ni kubwa mno! Chokaa ya ndani ya boila (tangi la kuchemshia maji) niliitoa kwa asidi ya limau na maji ya uvuguvugu. Valvu ya usalama nimenunua mpya, hapo si pa kubania pesa.

Kilichoshindikana ni kichomeo cha gesi. Moto wake ni mkali, rangi ikaanza kubabuka, na boila hizi za zamani zimeungwa kwa lehemu ya bati, ambayo huyeyuka upesi kwa moto mkali. Nimerudia vidonge vya moto, yaani vidonge vikavu vya kuchoma chini ya boila. Kiungo cha bomba la mvuke bado kinadondosha kidogo, nitabadilisha washa yake (kipete cha kuzibia).